Charles Kettering: Mtoto wa mkulima aliyeizika hendeli na kutuletea stata

Na Mwandishi Wetu

UKIFIKA Mogitu, wilayani Hanang, alfajiri ya mwezi Julai, baridi ya Mlima Hanang inakuwa bado haijaondoka. Sauti moja utaisikia kabla ya nyingine zote, nayo ni ya stata za pikipiki zikijaribu kuamsha injini zilizolala usiku kucha kwenye ubaridi.

Moja inawaka mara moja na mwenyewe anaondoka na gunia lake la mbaazi kuelekea Katesh. Ya pili inagugumia kama mzee anayepanda kilima. Ya tatu inatoa mlio mmoja mkavu, tak, kisha kimya. Huyo wa tatu ndiye anayepoteza siku.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa huku, pikipiki si chombo cha starehe. Ndiyo inayopeleka alizeti mnadani, ndiyo inayoleta mbolea shambani, na usiku wa dharura ndiyo inayombeba mama mjamzito kwenye barabara ya Mogitu kwenda hospitali ya Haydom. Stata ikigoma, hasara huingia mfukoni, na wakati mwingine huingia kwenye uhai wa mtu.

Watumiaji wengi wa kitufe kile chekundu hawamfahamu mtu aliyekifanya kiwezekane. Alikuwa mtoto wa mkulima, mgonjwa wa macho, aliyeacha chuo mara zaidi ya moja na kufanya kazi ya kuchimbia nguzo za simu. Jina lake ni Charles Franklin Kettering. Kumfahamu kuna faida, kwa sababu ukielewa jinsi alivyofikiri wakati akitengeneza stata, utaelewa pia jinsi ya kutambua ugonjwa wa stata yako kabla hujatoa fedha.

Azaliwa shambani, macho yamsumbua

Kettering alizaliwa Agosti 29, 1876, katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio nchini Marekani. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto watano wa Jacob na Martha Kettering. Kama watoto wa wakulima popote pale, alikua akikamua ng'ombe, akipasua kuni na kutembea kwa miguu kwenda shule.

Tatizo lake lilikuwa macho. Akisoma kwa muda mrefu kichwa kilimuuma kiasi cha kushindwa kuendelea. Alifundisha shule ya kijijini kwa muda, akajiunga na chuo, macho yakamrudisha nyumbani. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State, huko nako macho yakamlazimisha kusimama masomo.

Wakati huo alipata kazi katika kampuni ya simu, akawa na vijana wa kuchimbia nguzo na kuvuta nyaya, na hatimaye akawa msimamizi wao. Kazi hiyo ya jua na vumbi ilimfundisha umeme kwa vidole kabla hajaumaliza vitabuni. Alirudi chuoni, wenzake wakamsaidia kwa kumsomea kwa sauti, na mwaka 1904 alihitimu uhandisi wa umeme akiwa na umri wa karibu miaka 28. Wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kuanza maisha zamani.

Mashine ya dukani yampa siri

Mwaka huohuo wa 1904 aliajiriwa na kampuni ya National Cash Register ya mjini Dayton, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuhesabia na kutunzia fedha madukani. Mashine hizo zilizungushwa kwa mkono. Muuza duka aliyehudumia wateja wengi kwa siku alimaliza jioni mkono ukiwa umechoka.

Kettering alipewa jukumu la kuzifanya zizunguke kwa umeme. Wataalamu waliomtangulia waliona haiwezekani, kwa sababu mota yenye nguvu ya kutosha ingekuwa kubwa kuliko mashine yenyewe.

Yeye alijiuliza swali la kawaida tu. Je, mota hii inafanya kazi kwa muda gani? Jibu lilikuwa sekunde moja au mbili, kisha inapumzika hadi mteja mwingine aje. Mota inayofanya kazi mchana kutwa lazima iwe kubwa ili isiungue. Inayofanya kazi kwa sekunde chache inaweza kuwa ndogo na kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi chake, kwa kuwa itapoa kabla haijapata madhara.

Ni sawa na mtu anayenyanyua gunia la kilo 100 na kulipandisha kwenye toroli. Analiweza kwa mara moja, lakini ukimwambia alibebe hadi Katesh utamuua. Kwa wazo hilo, kufikia mwaka 1906 mashine ya umeme ilikuwa tayari, na ndiyo siri aliyokuja kuitumia kwenye gari.

Bandani, jioni baada ya kazi

Mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, Edward Deeds, alikuwa na banda nyuma ya nyumba yake mjini Dayton. Kuanzia mwaka 1908 Kettering na wenzake kadhaa wa kazini walikuwa wakikutana humo jioni na siku za mapumziko, wakihangaika na vifaa vya umeme vya magari. Hawakuwa na kiwanda wala mtaji wa kutisha.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa mfumo bora wa kutoa cheche za kuwashia mafuta. Kampuni ya magari ya Cadillac iliupenda na kuagiza maelfu. Mwaka 1909 Kettering aliacha ajira, na yeye na Deeds wakaunda kampuni waliyoiita Dayton Engineering Laboratories, ambayo kwa kifupi ilijulikana kama Delco. Jina hilo limeendelea kuonekana kwenye vipuri vya umeme vya magari hadi miaka hii.

Hendeli yavunja mikono

Katika miaka hiyo gari liliwashwa kwa hendeli. Dereva alisimama mbele, akachomeka chuma na kuzungusha kwa nguvu. Kama cheche ingekuja mapema kabla pistoni haijafika juu, injini ilirudi nyuma kwa kishindo na hendeli ikampiga aliyeishika. Mikono mingi ilivunjika, na wengine walipigwa usoni.

Inasimuliwa kwamba rafiki mmoja wa Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alisimama barabarani kumsaidia mwanamke ambaye gari lake lilizima. Hendeli ikarudi na kumvunja taya, na baadaye akafariki kutokana na majeraha hayo. Leland aliapa kwamba magari yake hayatamuua mtu mwingine kwa namna hiyo, akamgeukia Kettering.

Hapa mwendesha pikipiki wa Hanang ajitazame mwenyewe. Kiki inayorudi na kukupiga kwenye ugoko ni ndugu wa hendeli ile. Chanzo ni kilekile cha cheche kuja mapema, au mguu kusukuma kwa kusitasita na kuishia njiani wakati pistoni inapanda.

Stata yazaliwa

Wahandisi wengine walikuwa wamekwisha kujaribu stata za umeme, za upepo na hata za springi. Za umeme ziliwashinda kwa sababu ileile ya mashine ya dukani, maana walipiga hesabu ya mota ya kufanya kazi mfululizo, wakapata dude lisiloingia kwenye gari.

Kettering alirudia siri yake. Alichukua mota ndogo, akaiunganisha na gurudumu zito la injini kwa meno ya gia yaliyoongeza nguvu mara nyingi, akaipa umeme mwingi kwa sekunde chache. Betri zilipangwa kutoa volti 24 wakati wa kuwasha. Injini ikishawaka, mota hiyohiyo iligeuka kuwa jenereta na kuchaji betri kwa volti 6, huku ikilisha taa na cheche.

Kwa maneno mengine, hakubuni mota peke yake. Alibuni mnyororo mzima wa betri, nyaya, swichi, mota, gia na jenereta. Kiungo kimoja kikilegea, vyote vinaonekana vibovu. Sentensi hiyo mkulima aishike, tutaihitaji mbele.

Mapema mwaka 1911 kifaa cha kwanza kilifungwa kwenye gari la Cadillac na kikafanya kazi. Magari ya toleo la mwaka 1912 yalitoka kiwandani yakiwa na stata, na Cadillac ikapata tuzo ya Dewar ya Uingereza kwa mafanikio hayo. Hati ya kumiliki uvumbuzi huo ilitolewa Agosti 1915. Ndani ya miaka michache hendeli ilianza kuwa kitu cha akiba, na watu ambao hawakuwa na misuli ya kuizungusha, wakiwamo wanawake wengi na wazee, wakaweza kuendesha wenyewe.

Pikipiki zilichelewa. Mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Marekani ilitoa pikipiki yenye stata ya umeme, lakini betri za wakati huo hazikumudu na mpango ukaachwa. Ilibidi kusubiri hadi Wajapani walipoanza kuweka stata kwenye pikipiki ndogo za bei nafuu, miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Tazama kwamba kilichowaangusha Indian hakikuwa mota, ilikuwa betri. Zaidi ya miaka 100 baadaye, betri bado ndiyo mtuhumiwa wa kwanza.

Umeme kwa wakulima

Kettering hakuisahau asili yake. Mashamba ya Marekani wakati huo yalikuwa gizani, nyaya za umeme ziliishia mijini. Yeye na Deeds walitengeneza mtambo mdogo wenye injini na betri za volti 32, uliojulikana kama Delco-Light, na kuanza kuuza katikati ya miaka ya 1910. Mtambo huo uliwasha taa za nyumba ya shamba, ukavuta maji kisimani na kuendesha mashine za maziwa. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kupata umeme wake.

Mwaka 1916 Delco iliuzwa, na baada ya miaka michache ikawa sehemu ya kampuni kubwa ya General Motors. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1947 Kettering aliongoza utafiti wa kampuni hiyo.

Injini ya upepo yamuaibisha

Si kila alichogusa kilifaulu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alitaka gari la Chevrolet lipoozwe kwa upepo badala ya maji, kwa kuzungushia silinda mapezi ya shaba, kama mapezi tunayoyaona kwenye silinda za pikipiki zetu. Wazo lilikuwa zuri bandani. Barabarani injini zilipata joto, zikapoteza nguvu na kugonga.

Mwaka 1923 magari yaliyokwisha kuuzwa yaliitwa yarudishwe. Kettering aliandika barua ya kutaka kujiuzulu, mkuu wake Alfred Sloan akamzuia. Alikubali kushindwa na kwenda kwenye kazi nyingine. Leo injini ya kupoozwa kwa upepo inazunguka mamilioni kwa mamilioni kwenye pikipiki, ikimaanisha kwamba wazo halikuwa baya, ila lilikimbizwa sokoni kabla ya kuiva. Mfanyabiashara yeyote anayeharakisha bidhaa ajifunze hapo.

Mgandamizo mkubwa na sumu ya risasi

Sasa tufike kwenye jambo linaloigusa moja kwa moja pikipiki ya leo, yaani mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni.

Injini ikivuta hewa yenye mafuta, pistoni huibana kabla ya kuiwasha. Kadiri inavyobanwa zaidi ndivyo lita moja ya mafuta inavyotoa nguvu zaidi. Magari ya miaka ya 1920 yaliibana hadi kiasi cha robo ya ujazo wake. Ukizidisha, mafuta ya wakati ule yalilipuka ovyo na injini ikagonga kama nyundo. Kettering alilaumiwa kuwa mfumo wake wa cheche ndio unaogonga, naye akaamua kutafuta chanzo halisi. Akiwa na msaidizi wake Thomas Midgley, waligundua kwamba kosa lilikuwa kwenye mafuta.

Desemba 1921 walipata dawa, mchanganyiko wenye madini ya risasi, ambao kiasi kidogo tu kiliondoa mgongo huo. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Njia nyingine waliijua, ikiwamo kuchanganya petroli na spiriti inayotokana na mazao ya shambani, lakini risasi ilikuwa rahisi na ilimilikiwa na kampuni.

Sumu ya risasi ilikwisha kufahamika tangu zamani. Midgley mwenyewe aliugua. Oktoba 1924, katika kiwanda kimoja cha New Jersey, wafanyakazi watano walifariki kwa kuchanganyikiwa akili na wengine wengi waliathirika. Uuzaji ulisimamishwa mwaka 1925, lakini mwaka uliofuata ukarejea. Kettering ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni iliyoundwa kuuza dawa hiyo, na aliitetea.

Kwa miongo mingi moshi wa magari duniani kote ulimwaga risasi kwenye hewa na udongo, ikaingia kwenye damu za watoto na kudhuru ubongo wao. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiondoa. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Huyu ndiye Kettering kamili. Mkono uleule uliookoa mifupa ya madereva ndio uliosaidia kutia sumu hewani. Alikuwa hodari wa kuuliza swali la injini. Swali la mtu anayevuta moshi wake hakulipa uzito uliostahili.

Stata ya leo inapogoma

Pikipiki nyingi zinazobeba mizigo kwenye vilima vya Hanang na Mbulu zina silinda moja inayoibana hewa mara tisa hadi kumi. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya magari aliyoyafungia Kettering stata ya kwanza. Pistoni inapokaribia juu, stata inakutana na ukuta. Hapo ndipo inapovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote, na hapo ndipo kiungo dhaifu cha mnyororo hujitokeza.

Kwa hiyo, kabla hujanunua stata mpya, fuata njia ya Kettering, uulize kwanza kazi inakwama kwenye kiungo gani. Weka gia frii, washa swichi na tazama taa ya kijani ya frii huku ukibonyeza kitufe. Usitegemee taa kubwa ya mbele, maana kwenye pikipiki nyingi haiwaki mpaka injini iungurume.

Kama taa inabaki na mwanga wake na husikii chochote, umeme haufiki kwenye rilei. Angalia fyuzi, kitufe chenyewe, swichi ya klachi na ya frii, na waya uliokatika. Ukisikia tak moja na taa haififii, rilei inaitika lakini umeme hauvuki. Ama vishikizo vya ndani ya rilei vimeungua, ama brashi za kaboni ndani ya stata zimekwisha. Brashi ni za bei ndogo ukilinganisha na stata nzima.

Kama taa inazimika kabisa, au unasikia tatatata, kaza na usafishe vichwa vya betri kwanza. Unga mweupe au wa kijani unaoota pale huzuia umeme kama jiwe kwenye mfereji. Ukishasafisha na hali haibadiliki, chaji betri.

Kama taa inafifia na stata inagugumia, kuna mambo mawili, ama betri ni dhaifu, ama injini ni nzito. Piga kiki kwa mguu. Ikiwa mguu unaona uzito wa kawaida, shughulika na betri na nyaya. Ikiwa ni nzito kuliko ilivyozoeleka, ugonjwa uko ndani ya injini.

Kama stata inalia kwa kasi lakini injini haizunguki, gia au klachi ya upande mmoja inayounganisha stata na injini imechakaa. Na kama stata inazungusha injini vizuri ila haiwaki, stata haina hatia. Tafuta mafuta, cheche na hewa.

Pima, usikisie

Fundi mwenye mita ya umeme anakuokolea fedha. Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika husoma karibu volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12 au chini yake, haina chaji. Ukibonyeza stata isishuke chini ya kama volti 9.6. Ikishuka zaidi, ama betri imezeeka, ama kuna kitu kinachovuta umeme kupita kiasi.

Kisha mita igusishwe kwenye kichwa hasi cha betri na kwenye chuma cha injini wakati stata inabonyezwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa athi ni mbovu au umelegea. Stata nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya boliti moja ya athi yenye kutu. Injini ikiwa inaunguruma kwa mwendo wa kati, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5, pungufu ya hapo mfumo wa kuchaji haufanyi kazi.

Aliyeongeza redio, taa za urembo na chaja za simu akumbuke kwamba jenereta ya pikipiki ni ndogo. Safari fupi fupi za gulioni, kuwasha na kuzima mara 20 kwa siku, hutoa chaji kuliko inavyorudi.

Tapeti na oili

Kwenye injini yenye mgandamizo mkubwa kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Baadhi ya pikipiki zina kifaa kidogo kinachofungua kidogo valvu ya moshi wakati wa kuwasha ili kupunguza ule ukuta. Tapeti zikiwa na nafasi kubwa kupita kiasi, kifaa hicho kinashindwa kuinua valvu. Stata inagota kana kwamba betri imekufa, kumbe kinachotakiwa ni kurekebisha tapeti injini ikiwa ya baridi, kwa vipimo vya kitabu cha pikipiki hiyo.

Oili nzito kuliko iliyoelekezwa nayo huongeza mzigo, hasa asubuhi za Juni na Julai huku mlimani. Kabureta inayovujisha nayo inaweza kujaza mafuta ndani ya silinda. Kimiminika hakibaniki, hivyo ukilazimisha stata unaweza kupinda chuma. Ukihisi injini imegota ghafla, toa plagi kwanza.

Kumbuka pia siri ya mashine ya dukani. Stata ni mota ndogo iliyobebeshwa mzigo mkubwa kwa sekunde chache. Usiibonyeze zaidi ya sekunde tano mfululizo, kisha ipe nafasi ipoe. Anayeng'ang'ania kitufe kwa nusu dakika anaichoma kwa mikono yake. Wala usiunganishe vichwa vya rilei kwa bisibisi karibu na betri inayochajiwa, kwani gesi yake hulipuka kwa cheche.

Mwisho wa safari

Kettering alistaafu mwaka 1947, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mkewe Olive. Utajiri wake aliugawa kwenye taasisi za utafiti, ikiwamo ya saratani mjini New York inayobeba jina lake na la Sloan. Jambo lililomshughulisha hadi uzeeni lilikuwa la kikulima kabisa, yaani kwa nini majani ni ya kijani na yanakamataje nguvu ya jua. Aliligharimia kwa miaka mingi.

Alifariki mjini Dayton Novemba 25, 1958, akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka huohuo kampuni ya Honda ilikuwa imeanza kuuza pikipiki ndogo ya Super Cub, ambayo miaka michache baadaye ilipata toleo lenye stata. Mota aliyoiwazia mashine ya dukani ilikuwa njiani kuelekea kwa mwenye gunia na mwenye duka wa nchi ambazo hakuwahi kuzifikiria.

Kesho alfajiri stata ikikataa, usikimbilie kulaumu wala kununua. Tazama taa, sikiliza mlio, gusa nyaya, uulize kazi inakwama wapi. Mara nyingi utakuta tatizo ni boliti iliyolegea, na boliti inakazwa kwa spana uliyonayo tayari nyumbani.